Fajia ya China ya kale: kuchelewa kweli kulikuwa kifo?

Mdadisi_Pwani
Wakuu, naandaa mada ya Fajia, falsafa ya sheria kali iliyoibeba dola ya Qin. Kila nikisoma nakutana na Chen Sheng na Wu Guang: mwaka 209 KK mvua iliwakwamisha wakipelekwa kulinda mpaka, wakaasi kwa kuwa adhabu ya kuchelewa ni kifo. Sheria ilisema hivyo kweli? Na ukiacha ukali, mfumo wenyewe uliendeshwaje?

Karani_wa_Zamani
Kisa hicho tunakipata kwa mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zama za Han, nasaba iliyofuata Qin, zaidi ya miaka 100 baadaye. Mwaka 1975 huko Shuihudi, mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi la ofisa wa Qin aitwaye Xi, likiwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vingi vya sheria. Kwenye kupeleka watu walioitwa kazi za serikali: ukichelewa siku 3 hadi 5, unakaripiwa, 6 hadi 10, faini ya ngao moja, zaidi ya 10, deraya (vazi la vita) moja. Usipowapeleka kabisa, deraya mbili. Mvua ikizuia, wito unafutwa.

Angalia lakini: hizo ni kazi za sulubu, si jeshi. Huwezi kumwita Sima Qian mwongo kwa kifungu hiki peke yake.

Mimi ningeanzia kwenye mizani. Kwa vipimo vya uzito vya wakati huo, shi moja ni jin 120, na jin ni liang 16. Mizani ya shi ikikosea liang 16 au zaidi, msimamizi analipa deraya. Ikikosea 8 hadi chini ya 16, ngao. Anayebanwa hapo ni ofisa, si mkulima, na watu wengi hulisahau hilo wanapoieleza Fajia.

Mzee_wa_Hoja
Naongezea. Shang Yang, waziri wa Qin, alianza mageuzi huko mwaka 356 KK. Kaya zilifungwa katika makundi ya tano na kumi, zichungane. Ukijua uhalifu ukanyamaza, unakatwa kiunoni. Ukiripoti, unatuzwa sawa na aliyeleta kichwa cha adui. Kichwa kimoja, cheo kimoja, hata kama baba yako ni mtu wa kawaida. Nyumba yenye watoto wa kiume wawili au zaidi waliokomaa wasiogawana ilitozwa kodi maradufu, ndiyo maana koo kubwa zilivunjika.

Han Fei, mwanafalsafa wa Fajia (alikufa 233 KK), aliunganisha mambo matatu: *fa*, sheria iliyotangazwa, *shu*, mbinu za kuwadhibiti maofisa, *shi* (si ile ya uzito), nguvu ya kiti chenyewe. Mfano wake ni Zhao, mtawala wa Han (dola nyingine, usichanganye na nasaba). Alilala amelewa, mtunza kofia akamfunika nguo. Alipoamka aliwaadhibu wote wawili: mtunza nguo kwa kutotimiza kazi yake, mtunza kofia kwa kuvuka mipaka ya yake.

Mdadisi_Pwani
Asanteni sana. Kwa hiyo naweza kuuita utawala wa sheria kama tunavyouelewa leo?

Mzee_wa_Hoja
Hapana mkuu. Sheria inatoka kwa mtawala, na hakuna chombo cha kumfunga yeye. Mrithi wa kiti alipovunja sheria ya Shang Yang, walioadhibiwa ni walimu wake. Mwaka 338 KK mrithi huyo akashika kiti, na Shang Yang akauawa.

Karani_wa_Zamani
Tena usiandike kwamba nasaba ya Han iliifuta Fajia. Sheria za mwaka 186 KK zilizopatikana Zhangjiashan, nazo kwenye mianzi, zimerithi mengi ya Qin.