Baka lisilouma mkononi kwa dada angu, yaweza kuwa ukoma?

MamaJunior_Ifakara: Wapendwa naombeni msaada, dada angu ni mama ntilie, ana baka mkononi limepauka kuliko ngozi yake, haliwashi, kapaka dawa ya fangasi weee halitoki, juzi kashika sufuria ya moto kaungua hadi malengelenge na wala hajasikia! Ana mtoto ananyonya. Na wateja wakisikia ukoma si watamkimbia?

Mzee wa Kilombero: Pole sana. Baka lisilo na hisia ndo dalili yenyewe ya ukoma, mpelekeni kituo cha afya mkaulizie kliniki ya TB na ukoma, watamgusa kwa pamba huku kafumba macho na kumpapasa mishipa ya fahamu pale kwenye kiwiko. Dawa bure, mabaka yasiyozidi 5 kawaida miezi 6, yakizidi miezi 12.

NesiTausi: Aendelee kunyonyesha, dawa hazimzuii. Mwambieni mapema mkojo utakuwa mwekundu akimeza rifampisini, moja ya dawa hizo za ukoma, asije akashtuka akaacha dozi, klofazimini nayo inaweza kumtia weusi kwenye ngozi, ila unapungua taratibu akishamaliza. Muda mfupi tu baada ya kuanza dawa haambukizi tena, na chakula chake hakina shida. Watoto na wote mnaoishi nae mkaguliwe ngozi. Sufuria ashike kwa kitambaa kinene, na mkono ukiuma au ukilegea arudi siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ya mwezi.

MamaJunior_Ifakara: Asanteni mno, kesho mimi nakaa jikoni kwake ye aende.