Naomba ushauri: vitabu vya picha vya kuwasomea watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea)

Walimu wenzangu wa Kisumu, naomba mnisaidie. Darasa ni watoto 30 mkekani, wengi wakizungumza Dholuo nyumbani. Natafuta hadithi za Kiswahili za kurasa 12 hadi 16, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, zenye kibwagizo cha kuitikia. Picha ndiyo shida kubwa: kitabu cha A5 hakionekani kutoka mstari wa tatu, na ukurasa uliojaa vitu vidogo huwachosha walioketi nyuma, wakaanza kusukumana. Hadithi za African Storybook, tovuti ya vitabu vya watoto, hupakuliwa bure. Je, zikichapishwa A3 picha zinabaki safi au zinaingia ukungu? Na karatasi ya gramu ngapi itastahimili vidole vya miaka 4? Kulamineti sitaki, maana karibu na dirisha mng'ao hufunika picha.