Mama ana miaka 72 anaenda hija, chanjo ya mafua anaiogopa. Wenye uzoefu naomba msaada

Binti_Mabawa:
Assalam aleykum ndugu zangu, wakubwa wote shikamooni. Niko Tanga hapa, Mabawa. Mama yangu ana miaka 72, ana sukari na presha, kliniki anaenda Bombo na dawa anameza vizuri alhamdulillah. Mwaka huu watoto tumejaaliwa tukachanga na anakwenda hija. Sasa kwenye semina ya mahujaji wameambiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, hiyo haina mjadala, ila wazee na wenye maradhi ya kudumu wameshauriwa wachome na ya mafua. Hapo ndo mama amegoma. Anasema ile ya Uviko ya mwaka 2021, ile ya sindano moja, ilimlaza kitandani, homa, viungo, kichwa, mpaka majirani wakaja kumjulia hali, na anaamini sindano ndo ilimtia ugonjwa. Shoga yake wa Chumbageni alichoma siku ileile na hakuhisi kitu, kwahiyo anaona mwili wake yeye haupatani na chanjo.

Simlazimishi, ni mama yangu. Ila namjua kifua kikimkamata, kusi la mwaka jana alikohoa mpaka sukari ikavurugika, na huko anaenda penye watu wengi. Naomba wazee mliowahi kuchoma au wenye wazazi waliochoma mnieleze ilikuwaje, mkono, homa, kila kitu, alafu inapatikana wapi maana nikiuliza maduka ya dawa huku wananiangalia tu.

Mzee_wa_Ngamiani:
Wa aleykum salaam, marahaba mwanangu. Mungu amkubalie mama hija yake. Mimi nimeshapita sabini, nilikwenda kabla ya hii Uviko haijaja na kundi letu hakuna aliyetutajia chanjo ya mafua. Kikohozi cha hija kila aliyekwenda anakijua. Pale Mina mnalala hemani godoro kwa godoro, nje jua linaunguza ndani kiyoyozi kinapuliza, mmoja akianza kukohoa baada ya muda mfupi hema zima linakohoa. Nimerudi nyumbani watu wanakuja kunizuru sauti haitoki.

Tangu hapo nikienda Dar kwa mambo ya macho kijana wangu hunipitisha tunachoma ya mafua. Mkono unauma, ubavu ule sitaki kuulalia usiku wa kwanza, kesho yake nafua nguo zangu mwenyewe. Kuna mwaka mmoja nilipata baridi usiku nikajifunika nikameza panadol, alfajiri nikaenda msikitini. Mafua bado yananipata, sitakuficha, ila yale ya kulala kitandani tangu nianze kuchoma sijayaona.

Mdau_Pongwe:
Mimi nitasema tofauti kidogo na msinielewe vibaya. Mzee jirani yetu alichoma akiwa mzima kabisa, alafu akashikwa na homa haishuki karibu wiki nzima, anatetemeka, hali chakula, familia ikasema ni chanjo hiyo itaisha yenyewe mpaka akapelekwa hospitali amebebwa. Amepona lakini ameisha mwili. Kwahiyo mama akisema anaogopa msikilizeni, mtu mzima anaujua mwili wake.

Nesi_Mstaafu_Raskazone:
Binti nimesoma yote, ngoja nieleze taratibu maana hii kazi nimeifanya maisha yangu yote.

Kwanza niseme na Mdau wa Pongwe. Pole sana kwa jirani, na hilo ulilolileta ni la maana kuliko yote yaliyoandikwa hapo juu. Homa ya chanjo ya mafua huanza siku ileile au kesho yake na kwa kawaida inakwisha ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi hapo, na mtu anatetemeka, msiseme ni chanjo, hapa ni Tanga, mkapime malaria siku hiyohiyo. Na kama si malaria watafute kingine, kifua, mkojo. Wazee wengi wanaumia kwa kuachwa nyumbani watu wanasubiri "chanjo iishe".

Sasa kwa mama. Ya sindano ya mafua imetengenezwa na virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, haiwezi kumtia mtu mafua. Ile homa ni mwili unajibu, na kila mtu anajibu kivyake, tena wazee kwa ujumla wanahisi kidogo kuliko vijana kwasababu kinga imepungua nguvu. Shoga yake kutohisi kitu haina maana yake haikufanya kazi, na yeye kulala haina maana mwili haupatani. Alafu ile ya Uviko aliyochoma ni chanjo nyingine kabisa ilivyotengenezwa, ilikuwa inaleta homa na uchovu kwa watu wengi, usimpimie hii kwa ile.

Nilichokuwa nakiogopa mimi kwa wagonjwa wangu wazee ni vitu ambavyo hakuna anayeviuliza. Cha kwanza sukari. Mtu ana homa, mdomo mchungu, hali chakula, lakini dawa yake anameza kama kawaida, na kuna vidonge vya sukari na insulini vinashusha sukari uwe umekula au hujala, usiku anatoka jasho anapotea fahamu mnasema chanjo. Apikiwe uji au supu, kidogo kidogo, apimwe sukari, na kabla ya kuchoma amuulize daktari wa kliniki afanye nini siku asipoweza kula. Cha pili kuanguka. Usiku ule wa kwanza mtu mzima ana homa ana kizunguzungu anaamka kwenda chooni gizani. Lala naye chumba kimoja, taa iwake. Nyonga ikivunjika kwa miaka 72 hija imekwisha na pengine na kutembea.

Kama anameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi amwambie anayechoma, abonyezwe pale vizuri. Na akae pale kituoni kama dakika 15 asikimbilie daladala, maana mzio mkali ukitokea hutokea mapema, kuvimba midomo, kushindwa kupumua, vipele mwili mzima, na wanao uwezo wa kumtibu palepale. Kuna na tatizo la mishipa ya fahamu, miguu inaishiwa nguvu kuanzia chini kupanda juu ndani ya wiki chache, kwa ya mafua wanakadiria mtu mmoja au wawili katika dozi milioni moja. Ni nadra mno lakini mtu aambiwe ukweli wote aamue.

Kuhusu kupatikana, haimo kwenye zile chanjo za bure za serikali, utaipata hospitali binafsi baadhi kule Dar kwa kulipia, piga simu kwanza maana huisha.

Bi_Mkubwa_Usagara:
Mie nakaa kwa mwanangu Uingereza, saa hizi nimerudi Tanga kupumzika baridi. Kule kila mwaka ikifika Oktoba tunaitwa, kuanzia miaka 65 ni bure na tunapewa ile iliyoongezewa nguvu kwa ajili ya wazee. Kila mwaka inabadilishwa kwasababu virusi vyenyewe vinabadilika, kwahiyo ya mwaka juzi haikusaidii mwaka huu, watu wengi hawajui wanadhani ukichoma mara moja basi.

Nimechoma pia ya RSV, virusi vya kifua, wameianza Septemba 2024 kwa sisi wa miaka 75 mpaka 79, hiyo si ya kila mwaka. Vile virusi watu wanavijua kwa watoto wachanga kumbe na wazee vinaua. Hiyo mkono uliniuma haswa, kunyanyua kufunga mtandio tabu, na uchovu nikalala mchana kutwa. Ya mafua si kitu kwangu. Bibie mwambie mama achome mkono asioutumia sana na auchezeshechezeshe mkono jioni ile, usikae umeganda.

Mdau_Pongwe:
Nesi nimekuelewa. Kupima malaria hawakupima mapema, hilo ni kweli. Ila bado nasema wahudumu wawaambie watu haya kabla ya sindano, wazee wetu wanachomwa wanaambiwa nenda, hata neno moja hawapewi. Ndo maana woga unaenea mitaani.

Binti_Mabawa:
Allah awalipe kheri wote. Nimemsomea mama kila kitu, ya Mzee wa Ngamiani akaniambia rudia. Hajasema ndiyo ila ameuliza maswali, kama ni hivyo zile sindano mbili anaweza kuchomwa siku moja ili tusiende Dar mara mbili, na achome lini. Na anauliza barakoa bado atavaa?

Nesi_Mstaafu_Raskazone:
Zinachomwa siku moja bila tatizo, ya uti wa mgongo mkono mmoja ya mafua mkono mwingine, kama hapendi maumivu ya pande zote mbili basi mzitenganishe. Ya uti wa mgongo Saudia wanataka iwe imechomwa siku zisizopungua 10 kabla ya kufika, na ya mafua kinga yake huchukua kama wiki mbili kukaa sawa, kwahiyo mkienda mwezi mzima kabla ya safari mnakuwa na nafasi, hata akilala siku moja hasafiri mgonjwa. Barakoa avae, kule mwaka 2024 walikuwa watu zaidi ya milioni 1.8, na chanjo ya mafua haizuii kila kikohozi. Amuulize na daktari habari ya chanjo ya nimonia ya watu wazima, kwa mwenye sukari inamfaa.

Kadi ya chanjo aweke kwenye mkoba wa shingoni pamoja na pasi, asiitie kwenye begi kubwa. Na dawa zake za sukari na presha hivyohivyo.