Mliopita Marekani na kuonja bia za viwanda vidogo, mlizionaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada:
Wakuu, uzi huu ni wa wale wa moja moto moja baridi. Wasiotumia mtupishe kidogo, hakuna ubaya.

Nilikuwa kikazi pwani ya magharibi ya Marekani, toka San Francisco kupanda hadi Seattle. Siku zote nilisikia bia ya Mmarekani ni maji yenye povu, na kwa zile za makampuni makubwa sibishi. Lakini jamaa wana viwanda vidogo vya bia kwa maelfu, hata kimji cha kando ya barabara kuu unakuta kina chake. Ukiingia, kaunta iko mbele, nyuma ya kioo yamesimama matangi ya chuma, na anayekumiminia pengine ndiye aliyeipika. Kila bomba lina kibao: jina la bia, asilimia ya kilevi, wakati mwingine mpaka aina ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu.

Iliyonishika ni Sierra Nevada Pale Ale ya pale Chico, California, inayopikwa tangu 1980. Ukiisogeza puani unapata ganda la balungi na utomvu wa msonobari, na wala hakuna tunda humo ndani. Ni hopsi za Cascade hizo. Halafu uchungu unaingia, unakaa nyuma ya ulimi, unaondoka taratibu, na mkono wenyewe unarudi kwenye glasi. Mpishi mmoja alinieleza kwamba hopsi zikitiwa mapema wakati wa kuchemsha zinaacha uchungu, zikitiwa mwishoni zinaacha harufu. Ufundi uko kwenye kuangalia saa.

Na hili sikulijua: mpaka Jimmy Carter alipotia saini mwaka 1978, sheria ya shirikisho haikumruhusu Mmarekani kujipikia bia nyumbani. Divai ruksa, bia marufuku! Bibi yangu angekuwa huko na pombe yake angeozea ndani. Sheria ilipolegea watu wakaanza majikoni na kwenye gereji, na baadhi yao ndio wenye viwanda leo.

Haya, mwageni uzoefu.

Mdau wa malori:
Mkuu umenigusa. Mimi naendesha semi huku, na nikiwa na mzigo sigusi kitu, sheria yao kwa madereva wa malori ni kali: ukipimwa ukakutwa na kilevi asilimia 0.04 kwenye damu umekwisha, na kwa muda wa saa nne kabla ya kushika usukani huruhusiwi hata funda moja. Kwa hiyo ninachowapa ni harufu. Piteni bonde la Yakima, jimbo la Washington, mwishoni mwa Agosti au Septemba wakati wa kuvuna hopsi. Hopsi nyingi za Marekani zinatoka hapo. Mimea inapanda kwenye kamba zilizofungwa juu ya nguzo ndefu, wanaikata mzimamzima na kuipakia kwenye magari. Ukishusha kioo, harufu inaingia mpaka kwenye blanketi la kulalia.

Nikipata mapumziko msimu huo natafuta bia ya hopsi mbichi. Zinachumwa asubuhi, zinaingia kwenye sufuria siku hiyohiyo bila kukaushwa. Ikishapita hiyo, mpaka mwakani.

Dada wa Marangu:
Mnaongelea uchungu tu, mimi nilinaswa na uchachu. Rafiki yangu alinipeleka mahali Portland, Oregon, wakanipa bia inachachushwa na bakteria wale wa maziwa mgando, imetiwa chumvi kidogo na giligilani. Wenzangu wanakunja sura, mimi nasema ongeza. Mtu aliyekulia kwenye mbege atashtuka nini? Nikamweleza mhudumu habari za ndizi mbivu, ulezi, na gome la msesewa linalotia uchungu. Akaita mpishi wao, yule mpishi akatoa simu akaanza kuandika: ndizi mnachemsha muda gani, ulezi mnauotesha kwanza? Nilijisikia profesa jioni ile.

Mkenya wa Dallas:
Mimi naomba kutofautiana na nyinyi. Hizo IPA zenu (India Pale Ale, zile zilizojazwa hopsi) ni kama kunywa marashi. Tena ukiitisha moja ni dola saba au nane, ongeza kodi, ongeza dola ya mhudumu, na kipimo chao ni mililita 473, haifiki hata chupa ya Tusker. Siku moja nikamuuliza jamaa wa kaunta kama ana ya moto. Aliniangalia akadhani naumwa.

Mleta mada:
Hahaha, ya moto huko usiulize! Ila tatizo lako kaka ni kuanzia juu. Kuna IPA za asilimia 8, mfano Pliny the Elder ya Santa Rosa, hiyo mtu haitandiki kama Kilimanjaro. Viwanda hivyo vinapika pilsner pia, ile bia nyepesi, anzia hapo. Agiza vile vikombe vidogo vinavyoletwa kwenye ubao, unaonja vinne kabla ya kujifunga na glasi nzima. Na pasipoti usiiache hotelini, hata mwenye mvi anaulizwa kama amefika 21.

Mdau mpya:
Nina ndugu anakuja Dar Desemba. Nimwagize ipi?

Mdau wa malori:
Stauti nzito, ile bia nyeusi, iliyolazwa kwenye mapipa ya wiski. Hizo zinavumilia safari na joto kidogo, na hata ukizihifadhi mwaka hazikulaumu. IPA zile zinazoonekana na ukungu kwenye glasi mwachie azinywe hukohuko, zikikaa nje ya friji harufu inakufa haraka. Mwambie azifunge na nguo, aziweke kwenye begi kubwa, za mkononi watamnyang'anya.

Dada wa Marangu:
Na akirudi mpe ulezi kilo mbili. Yule mpishi wa Portland bado ananidai.