Tiketi za mabasi ziandikwe saa za Kiswahili au saa 24?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Nina hoja, kila mtu aje na yake.

Wiki iliyopita shangazi yangu kaachwa na basi la Mwanza pale Stendi ya Magufuli. Tiketi kanitumia picha: jina, namba ya kiti, tarehe, halafu "Kuondoka 12:00". Hakuna asubuhi, hakuna jioni, hakuna AM. Yeye kaona karatasi imetoka kwenye mashine, kajua mashine zinasoma Kizungu, basi kafika saa tano na nusu mchana na mabegi yake kusubiri gari la saa sita. Karani dirishani: "Mama, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Gari saa hizi linaitafuta Dodoma." Nauli haikurudi.

Zamani hili lilikuwa gumu kutokea. Ile marufuku ya mabasi kusafiri usiku, iliyokuwepo tangu miaka ya 1990, ilikuwa inatubeba bila sisi kujua. Mabasi ya mbali yalitoka alfajiri na asubuhi, kwa hiyo "12:00" ilikuwa na maana moja, na mara nyingi karani aliiandika kwa peni, kwa mkono wake, akakwambia na kwa mdomo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, hiyo 12:00 inaweza kuwa asubuhi, jioni, saa sita mchana au saa sita usiku. Namba moja, nyakati nne!

Msimamo wangu: tiketi ya Kiswahili iandikwe saa za Kiswahili, na kipindi cha siku kiandikwe kwa maneno. Na tusione kama ni ushamba wetu wenyewe. Waganda wakisema ssaawa emu wanamaanisha saa moja ile ile yetu, na Waethiopia wanahesabu hivyo hivyo. Huku karibu na ikweta jua haliyumbi sana: Dar mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12 na dakika 40 hivi. Inaingia akilini kuhesabu kuanzia hapo. Lakini weka simu yako kwa Kiswahili uone: itakuandikia "Mipangilio" vizuri kabisa, halafu saa inabaki 7:00 wakati nyumba nzima inasema saa moja. Kwa nini mashine isitufuate sisi?

MCHANGIAJI, KIGOMA

Pole kwa shangazi, mkuu. Ila hilo la jua waambie watu wa Dar. Njoo huku mwezi wa saba, jua linachomoza saa moja na dakika kumi. Saa kumi na mbili asubuhi ni giza totoro, watoto wanakwenda shule kwa tochi ya simu ya mama. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo ya 45, ambayo haiigusi Tanzania kabisa. Inapita huko jirani na Mogadishu. Sisi tuko karibu na 30. Ukienda Bujumbura unarudisha saa nyuma lisaa lizima, na ziwa ni lile lile, dagaa wale wale. Enzi za mkoloni, Kenya iliwahi hata kuitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, na watu waliishi. Saa ni makubaliano tu. Basi tukubaliane saa 24: 06:00 na 18:00, tumalize.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Nyote mnazungumza kama kwamba siku inaanza asubuhi. Kwetu inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule mnaouita nyinyi Alhamisi usiku. Mwalike mtu wa bara maulidi "usiku wa Jumapili" bila kumfafanulia, atakuja kesho yake sahani zishaoshwa. Ndiyo maana mwenye hekima huandika "usiku wa kuamkia".

Sasa niambieni: basi la saa sita na nusu usiku, tarehe 14. Ni usiku wa kuamkia tarehe 14 au wa kuamkia 15? Hapo saa mmeipata wote na gari mmelikosa wote. Kwa saa 24, 00:30 ni ya kuamkia 14, lakini wangapi hapo stendi wanalijua hilo? Bibi yangu akiziona hizo sifuri atadhani mashine imeharibika.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Sisi tunatumia zote mbili bila vita. Habari za Kiswahili kwenye runinga ni saa moja jioni, za Kiingereza saa tatu usiku, na ukizungumza Kiingereza unaita "nine". Mshale ukiwa kwenye 7 unasoma namba inayotazamana nayo, basi. Hapo mwenye kosa ni karani, si saa.

MLETA MADA

Nairobi, karani hana kosa, yeye anabonyeza tu. Aliyetengeneza programu ndiye aliyeacha nafasi ya tarakimu nne akaona inatosha.

Kigoma, jua tuliweke pembeni, nakubali ni makubaliano. Lakini makubaliano ya nani? Tiketi inasomwa kwa sauti. Mama anampigia mwanawe, mwanawe anauliza "imeandikwaje?", naye anasoma. Hujawahi kumsikia mtu stendi akisema "gari langu ni la saa kumi na nane". Akiisoma 18:00 lazima aitoe sita kwanza, na anayefanya hesabu hiyo amebeba mtoto mgongoni na kuku mkononi.

Unguja umenishika pabaya, hilo la tarehe sikuliona. Basi tiketi ya usiku iandike: "Saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 15." Wenye mabasi mliomo humu, mashine zenu zinashindwa nini hapo? Na anayetetea saa 24 aje aisome 00:30 kwa Kiswahili, kwa sauti, tumsikie.