Uyoga wa chini ya misonobari

Zuhura: Shikamooni wazazi. Nimeukuta huu msituni, chini ya misonobari. [picha] Ni uyoga gani? Unaliwa?

Salim: Mkubwa huo! Konokono kaumega pembeni, basi hauna sumu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba wanangu. Salim, hapo hapana. Konokono hula hata uyoga unaoua mtu, wala hadhuriki. Kipimo hicho kiondoe kabisa kichwani.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, picha ya juu hainisaidii. Ugeuze nione chini ya kofia. Na usiukate shina, fukua uung'oe mzima.

Zuhura: [picha] Tayari. Hakuna matamvua, yale yanayopangana kama kurasa za kitabu. Kuna vitundu vidogo vidogo vya njano, vinabonyea kama sponji.

Shangazi Mwanaidi: Basi ni boleti, uyoga wenye vitundu chini ya kofia. Hapo tumeshaachana na uyoga wauaji wa kundi la Amanita, maana wale wana matamvua. Lakini boleti nazo si zote za kuliwa. Kofia ni kavu au ina ute?

Zuhura: Ute mwingi, vidole vinanata. Majani ya msonobari yameganda juu yake. Rangi ya kahawia iliyokolea, upana karibu sm 8.

Baba Salim: Dada, mimi nilisikia ukiukata ukageuka buluu ujue ni sumu. Aukate tuone.

Shangazi Mwanaidi: Aukate, ila kanuni hiyo haishiki, kaka. Ubuluu hutokea rangi iliyomo ndani ya nyama yake ikikutana na hewa, basi. Imleria badia, nayo ni boleti, huota kwenye misitu hiyohiyo, ukibonyeza vitundu vyake vinageuka buluu, na watu wanaupika wanaula. Boleti nyingine, Tylopilus felleus, haugeuki buluu, lakini ni mchungu, mmoja tu unaharibu sufuria nzima.

Zuhura: Nimekata. Nyama ni ya njano iliyopauka. Nimengoja, haibadiliki.

Salim: Na hicho kilichozunguka shina ni nini?

Zuhura: Kingozi chembamba. Juu cheupe, chini kinaingia zambarau. Kuanzia hapo kwenda juu shina lina vidoadoa.

Shangazi Mwanaidi: Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta! Ni pete. Uyoga ukiwa mchanga, kingozi hicho hufunika vitundu vyote. Kofia ikipanuka kinachanika, kinabaki shinani. Imleria hauna pete, Tylopilus hauna, hata Boletus edulis unaosifiwa sana hauna, wenyewe una wavu mweupe shinani. Mimi nauona Suillus luteus. Hebu tazama majani ya msonobari, yanatoka mangapi pamoja?

Zuhura: Mawili mawili.

Shangazi Mwanaidi: Inakubali. Misonobari ya namna hiyo ndiyo rafiki zake. Uyoga huupa mti maji na madini, mti huulisha sukari kupitia mizizi. Ndiyo maana misonobari ilipopelekwa kupandwa kusini mwa dunia, nao ulifuatana nayo.

Baba Salim: Basi apike.

Shangazi Mwanaidi: Asipike, kaka. Zuhura, kata kofia uilaze juu ya karatasi nyeupe, vitundu viangalie chini. Funika na bakuli mpaka asubuhi, tuone rangi ya vumbi la uzazi linalodondoka vitunduni.

(Kesho yake)

Zuhura: Shikamoo shangazi. [picha] Karatasi imepata vumbi la kahawia, karibu na rangi ya udongo wa mfinyanzi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Vizuri. Lingeelekea waridi ningerudi kwa Tylopilus. Kwa jina nimeridhika, kwa kula bado. Mimi nimeona picha tu, sijaunusa wala kuushika. Mpelekee mtu anayeuokota mwenyewe, aukague mkononi.

Salim: Akisema ndio wenyewe?

Shangazi Mwanaidi: Mnamenya ngozi yote ya ute, maana huwa inawaendesha watu tumbo, mnapika uive sawasawa. Na mara ya kwanza kila mtu kidogo tu, wapo wanaoumwa tumbo hata ukiwa umemenywa. Ila huo wa jana utupilieni mbali.

Zuhura: Palepale imeota mingine, mmoja bado mchanga, vitundu havijafunuka.

Shangazi Mwanaidi: Huo mchanga uchukue pamoja na mkubwa mmoja, yote na mashina yake. Atataka kuiona pete kabla haijachanika.