Masta ya afya ya jamii (mkazo wa uzee) au ya jerontolojia?

Mchana_Kweupe: Wakuu habari. Nimepata nafasi mbili za masta, natakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha. Moja ni afya ya jamii yenye mkazo wa uzee, nyingine jerontolojia, yaani elimu ya uzee na maisha ya wazee. Nichukue ipi?

BibiTakwimu: Digrii ya kwanza ulisoma nini? Unataka kazi gani? Nani anakulipia? Bila hayo tunapiga ramli.

Kisogo: Mimi siulizi. Afya ya jamii. Epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu) na biostatistiki (takwimu za afya) zitakubeba hata ukiachana na wazee. Data za tasnifu zipo tele, kutoka tafiti kubwa za wazee: HRS ya Marekani tangu 1992, ELSA ya Uingereza tangu 2002, SAGE ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yenye Ghana, India na Afrika Kusini ndani. Unajisajili, unapakua.

Mwanajeronto: Kupakua data si kumjua mzee. Upweke, pensheni, makazi, walezi waliochoka: hayo utayakuta jerontolojia.

MamaZawadi: Kabla ya kusaini, omba orodha ya masomo na majina ya wasimamizi. Chuo nilichosoma kilitangaza "mkazo wa uzee" kwa mbwembwe. Kufika, somo la uzee ni moja, la hiari, na mwalimu wake yuko likizo. Nikapangiwa msimamizi wa lishe ya watoto! Nilitaka kupima udhaifu wa uzeeni kwa vigezo vya daktari Linda Fried na wenzake vya 2001: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kukaza, mwendo wa polepole, kutojishughulisha. Vikitimia vitatu, mtu anahesabiwa dhaifu. Bwana yule akaniuliza kwa nini nisipime uzito na urefu, yaishe. Kifaa cha kupimia nguvu ya mkono nikaazima mwenyewe. Mwendo nikaupimia koridoni, mzee anatembea, mimi nashika saa, kila mara tunapisha machela.

Kisogo: Hilo ni tatizo la chuo, si la digrii.

MamaZawadi: Kwa aliyelipa ada, tofauti iko wapi?

Mchana_Kweupe: Nimesomea fiziotherapia. Wodi basi, nataka kupanga huduma.

BibiTakwimu: Basi afya ya jamii, ila uliza kama wanafundisha ICOPE, mwongozo wa WHO wa 2017. Unaanzia kwenye uwezo wa mtu: kutembea, kuona, kusikia, kumbukumbu, lishe, hali ya hisia zake. Magonjwa yanafuata. Ya ufadhili bado umekaa kimya.

Mwanajeronto: WHO hiyo hiyo ilitaka kuingiza uzee kwenye ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kana kwamba ni ugonjwa. Mpaka watu walipopiga kelele ndipo wakabadilisha, kabla haijaanza kutumika 2022.

Kisogo: Daktari naye lazima ajaze kitu kwenye hati ya kifo.

Mwanajeronto: Ajaze kilichoua! Mtu wa miaka 90 naye ana haki ya kuchunguzwa.

Kisogo: Kwani uzee wenyewe unaanza lini? Umoja wa Mataifa unahesabu 60, nchi tajiri nyingi 65. Mkubaliane kwanza.

Pita_Njia: Samahani wakuu, hakuna za kusoma mtandaoni?

BibiTakwimu: Fungua uzi wako.